Kushikiza Taa ya Picha kwa Jiliwa

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama, fundi wa reli, katika mkutano wa jioni wa tawi. Yapigwa chapa hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu siku hiyo.)



Katibu aliponiomba niseme habari za kupiga picha nilikataa mara mbili. Mimi si mtu wa studio. Kazi yangu ni spana na grisi, na elimu yangu ni ile ya shule ya msingi ya misheni, ambako tulifundishwa kusoma, kuhesabu na kufagia uwanja. Kamera nilijifunza mwenyewe siku za mapumziko, kwa kukosea. Lakini Katibu akaniambia, "Basi njoo utueleze hayo makosa." Nikaona neno hilo ni la haki, ndiyo sababu nimesimama hapa.

Jambo langu ni moja tu. Taa ya kamera, ambayo wengi twaiita flashi, isikae juu ya kamera. Iondoe hapo, iweke kando, ishikize kwa jiliwa, kisha uifunge kamba. Mtu akitoka hapa na maneno hayo tu, sitakuwa nimewapotezea jioni yenu.

PICHA ISIYO NA NYUSO

Niwaeleze kwanza kwa nini jambo hili lanigusa. Miaka michache iliyopita mzee wetu mmoja, mgeuza njia, alimaliza utumishi wake. Usiku wa zamu yake ya mwisho tulikusanyika, watu tisa, yeye katikati, kila mmoja amevaa jaketi lake lenye mistari ya kung'aa. Mimi nikaleta kamera, nikachomeka flashi juu yake, nikawapanga watu, nikahesabu moja, mbili, tatu, nikafyatua. Watu wakapiga makofi. Mzee akaenda zake kwao kulima.

Nilipoitazama picha ile nyumbani niliona haya. Mistari ya majaketi ilikuwa imewaka nyeupe kama moto wa kuchomelea chuma. Juu ya mistari hiyo palikuwa na giza tupu. Watu tisa, hakuna hata uso mmoja. Nikajisemea moyoni, si neno, akija kutuamkia tutapiga nyingine. Hakuja. Mwaka uliofuata tukapata habari kwamba amefariki. Binti yake akanijia akasema, "Kaka, nasikia wewe ndiye uliyempiga baba picha ya mwisho kazini. Twaiomba." Nikamwonyesha. Aliitazama kitambo, kisha akaniuliza kwa upole, "Baba ni yupi?"

Ndugu zangu, sikuwa na la kusema. Nilimwonyesha kwa kidole.

Tangu siku hiyo nikaazimia kujua kosa lilikuwa wapi, na kama lina dawa.

KOSA LILIKUWA WAPI

Mistari ya jaketi imetengenezwa kwa vijishanga vidogo sana vya kioo, au kwa vipande vidogo vyenye pembe, na kazi yake ni kuurudisha mwanga kule kule ulikotoka. Ndiyo maana dereva wa treni akuona ukiwa mbali bado: mwanga wa taa yake humrudia yeye mwenyewe. Ni jambo jema, nalo hutulinda sisi sote. Lakini flashi ikikaa juu ya kamera, mwanga huo huirudia kamera. Tena kamera nyingi za siku hizi hupima mwanga unaorudi, na zikiona umekuwa mwingi huikata flashi upesi. Basi mistari huijaza kamera nuru, kamera hudhani kazi imekwisha, na nyuso zabaki gizani. Tusililaumu jaketi. Taa ndiyo iliyokaa pasipo pake.

Ukiisogeza flashi hatua tatu au nne kando, mistari huirudishia flashi mwanga wake, nayo kamera huachwa itazame nyuso.

Faida haikomei hapo. Flashi iliyo juu ya kamera hufanya macho ya watu kuwa mekundu, huwaka katika miwani, na uso huufanya bapa kama sahani, hauna pua wala mashavu. Nuru ya kando huurudisha uso umbo lake. Nanyi mwalijua jambo hili tayari kwa kazi. Mtu anayetafuta ufa katika chuma haumuliki kwa tochi moja kwa moja. Huilaza tochi kando, ufa ukatupa kivuli, akauona. Kadhalika jua la saa sita mchana hufanya milima ionekane kama ukuta, na jua la saa kumi na moja jioni huionyesha mabonde yake yote. Mlima ni ule ule, jua ni lile lile, tofauti ni mahali lilipo.

MTU ALIYELISHINDA GIZA LA RELI

Mimi si wa kwanza kupambana na giza la reli. Nilipokuwa nikitafuta dawa ya kosa langu nilisoma habari za Mmarekani mmoja, O. Winston Link, aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1914. Alisomea uhandisi, lakini alipata riziki yake kwa kupiga picha za matangazo ya biashara. Mwaka 1955 alikwenda Virginia kwa kazi, akaona injini za moshi za reli ya Norfolk and Western zingali zafanya kazi, hali makampuni mengine makubwa ya Marekani yalikuwa yakiziacha na kushika dizeli. Akajua nazo hazitadumu. Akaomba ruhusa ya kampuni, akapewa. Basi kwa miaka mitano, hadi injini hizo zilipokomeshwa mwaka 1960, alirudi tena na tena kuzipiga picha, na picha nyingi zilizompa jina alizipiga usiku.

Kwa nini usiku? Yeye alieleza kwamba jua hawezi kulihamisha, na reli pia hawezi kuihamisha. Heri giza, ambamo kila taa iko pale alipoiweka mwenyewe. Nazo taa zake hazikuwa flashi hizi za betri tunazozijua. Zilikuwa globu zinazowaka mara moja tu kisha zikafa. Mwezi wa Agosti 1956, mahali paitwapo Iaeger katika West Virginia, alipiga picha ya treni ikipita nyuma ya uwanja wa sinema, ule ambao watu hutazama wakiwa ndani ya magari yao. Kwa picha hiyo moja alitumia globu 43, zote zimeungwa kwa waya ziwake kwa mara moja. Fikirini kazi ya kuzipanga, kuzielekeza na kuzijaribu, halafu treni yaja kwa mwendo wake na fursa ni moja. Leo picha zake zina jumba lake la makumbusho mjini Roanoke, Virginia, katika stesheni ya zamani ya abiria, lililofunguliwa mwaka 2004.

Sasa itazameni miaka ile. Mwaka 1955 na 1956 ndipo injini kubwa za Garratt za daraja la 59, zilizoundwa na Beyer Peacock huko Manchester, zilipokuwa zikiletwa kwetu. Zilikuwa 34, kila moja na jina la mlima. Mbili zingalipo katika Makumbusho ya Reli, Nairobi: Mount Gelai na Mount Shengena. Watu huja kuzitazama, watoto huzipanda, picha zake ni tele. Lakini wale waliozipaka mafuta usiku, waliozigeuzia njia, waliolala kando yake wakingoja zamu, nyuso zao ziko wapi? Nendeni mkatafute katika masanduku ya wazee wenu. Mkipata picha moja iliyopigwa kazini, itunzeni sana. Na sisi wa leo tusiwaachie watoto wetu mistari ya majaketi peke yake.

KWA NINI JILIWA

Mtu ataniuliza, flashi nikiitoa juu ya kamera nitaiweka wapi? Njia ni tatu. Ya kwanza, umpe mtu aishike. Ni njia nzuri, ila mkono huchoka, naye huyo mtu atataka kutazama mambo badala ya kutazama taa. Ya pili, uiweke juu ya stendi ya miguu mitatu. Nayo ni nzuri mahali penye nafasi. Lakini katika ukumbi uliojaa watu, mguu wa stendi ni mtego. Watoto hukimbia, akina mama hupita na masinia, na nje upepo ukivuma stendi huanguka. Ya tatu ni jiliwa. Jiliwa halichukui nafasi ya mtu sakafuni. Hukaa juu ya kitu kilichopo tayari: nguzo, bomba, boriti, ukingo wa rafu. Tena laingia mfukoni.

Jiliwa mwalijua. Katika karakana hatuwezi kupiga tupa chuma bila hilo, na seremala hawezi kugundisha mbao bila hilo. La picha ni dogo tu. Nimetumia ya namna tatu.

Namna ya kwanza ni jiliwa la springi, lifananalo na kibanio cha nguo kikubwa. Ni rahisi kwa bei na jepesi kwa kufunga. Lafaa flashi ndogo juu ya ukingo wa meza au rafu iliyo chini. Lisitumike juu ya vichwa vya watu kamwe, kwa sababu springi haina kufuli. Mtu akiligusa kwa bega, limefunguka.

Namna ya pili ni jiliwa la skrubu, ambalo wapiga picha hulipenda kuliko yote. Lile liundwalo na Manfrotto, kampuni ya Italia, hushika bomba lenye unene wa milimita 13 hadi 55, na limeandikiwa kubeba kilo 15. Flashi yako haifiki hata kilo moja. Pia huja na kabari ndogo, ambayo ukiitia katika taya zake, laweza kushika ubao bapa usio mviringo. Yapo mengine yaliyoigwa, mengine mema, mengine ya chuma laini. Kabla ya kununua likaze, ulifungue, ulikaze tena mara kumi. Hesi zikianza kukwaruza, rudisha mahali ulipolitoa.

Namna ya tatu ni jiliwa la seremala, la umbo la herufi G. Hili wengi wenu mnalo nyumbani. Toboa au chomelea bolti juu yake, ukaze kiungo cha kugeuzia flashi, na kazi imekwisha. Lakini hapa mafundi tuangalie. Tundu la chini ya kamera, na la viungo vingi vya taa, ni la bolti ya robo inchi yenye nyuzi 20 kwa inchi. Bolti ya milimita 6 huingia humo, mtu akadhani ndiyo. Siyo. Ni nyembamba kidogo, na hesi zake zimekaribiana zaidi. Itashika zamu mbili, ya tatu itaruka, na tundu litakuwa limekwisha kuliwa. Tumieni bolti iliyo sawa.

NAMNA YA KUFUNGA

Sasa nieleze kazi yenyewe hatua kwa hatua.

La kwanza, jaribu kile utakachokishika. Kitikise kwa mkono kwa nguvu kuliko uzito utakaoutia. Kikicheza, kiache. Jiliwa haliwezi kuwa imara kuliko kitu linachokishika. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu, nalo jiliwa huanguka na pabovu pake.

La pili, weka kipande cha mpira wa tairi au kitambaa kigumu kati ya taya na nguzo. Rangi ya mwenye nyumba haitachubuka, na mshiko utakuwa bora.

La tatu, kaza kwa vidole mpaka mwisho wa nguvu ya vidole, usitie spana. Spana huvunja mkono wa jiliwa, au huliminya bomba.

La nne, funga kamba. Habari zake nitazisema mbele, maana zina hotuba yake.

La tano, inua flashi iwe juu ya vichwa kwa urefu wa mkono, ielekee chini kidogo, nayo iwe upande mmoja wa kamera, katikati ya mbele na kando. Nuru ya chini hufanya watu waonekane kama majini. Ikiwa upo ukuta mweupe karibu, waweza kuigeuza flashi iupige ukuta, nuru ikarudi laini. Ukuta wa kijani usitumike, maana utawafanya watu wote wawe na homa.

La sita, kuiambia flashi iwake. Siku hizi vipo vifyatulio vya redio, kimoja juu ya kamera, kimoja chini ya flashi, navyo hufanya kazi hata kukiwa na ukuta katikati. Waweza pia kutumia waya, lakini waya ukipita sakafuni ni mtego ule ule wa stendi. Na kamera isifyatuliwe kwa kasi kuliko sehemu ya 1/200 ya sekunde, ama sivyo kamera nyingi zitakupa picha yenye ukanda mweusi upande mmoja.

La saba ni hesabu ya umbali, na hili huwakosesha wengi. Flashi ikiwa mita 2 toka kwa mtu, kisha ukairudisha mita 4, nuru haipungui nusu, bali hupungua ikawa robo. Umbali ukizidi mara mbili, nuru hugawanyika kwa nne. Ukizidi mara tatu, kwa tisa. Sasa chukua watu tisa waliosimama mstari wa mita 5. Ukiweka flashi mwisho wa mstari, mita 2 toka kwa mtu wa kwanza, mtu wa tisa atakuwa mita 7. Yule wa kwanza atapata nuru zaidi ya mara 12 ya yule wa mwisho. Mmoja ataungua, mwingine atapotea. Dawa ni kuirudisha flashi mbele ya mstari na kuiinua, ili umbali wa kila mtu ukaribiane. Hii ndiyo faida ya jiliwa juu ya nguzo ndefu: taa yapanda juu mahali ambapo stendi yako haifiki.

KAMBA, NA KOSA LANGU LA PILI

Ndugu Mwenyekiti, Katibu alitaka makosa, basi nasema la pili. Jumamosi moja nilialikwa kupiga picha katika arusi, katika ukumbi wa kukodi. Niliona fimbo ndefu ya pazia, nzuri, iko juu kabisa. Nikafunga jiliwa langu hapo, flashi ikaning'inia, na picha zikatoka safi. Nikajivuna. Sikuitikisa fimbo ile, na kamba niliiacha ndani ya mfuko kwa sababu nilikuwa na haraka.

Saa kumi hivi jua likaingia dirishani. Mama mmoja akasimama kulifunga pazia, kama mtu yeyote angefanya. Fimbo ikapinda, jiliwa likateleza, na flashi pamoja na jiliwa vikashuka vikaangukia mezani, kati ya birika la chai na mtoto wa miaka mitatu hivi aliyekuwa akila keki. Flashi ikavunjika. Birika likapinduka upande wa pili. Mtoto akatazama juu kuona kama kingine kinakuja, kisha akaendelea na keki. Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilipima kwa mkono wangu umbali kutoka kichwa cha yule mtoto hadi pale jiliwa lilipopiga meza. Ulikuwa shibiri moja.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilijiuliza: kazini je, ningefanya hivyo? Behewa likiegeshwa, hatuiamini breki ya mkono peke yake. Twaifunga breki, kisha twatia kabari chini ya gurudumu. Breki ikishindwa, kabari ipo. Hakuna anayesema kwamba hiyo ni kazi ya waoga. Mimi niliyefundishwa jambo hilo tangu siku ya kwanza kazini, siku ya Jumamosi niliacha kabari nyumbani kwa kuwa nilivaa koti la arusi.

Kwa hiyo sheria yangu sasa ni hii: kitu chochote kinachoning'inia juu ya watu kiwe na mishiko miwili isiyotegemeana. Jiliwa ni mmoja. Wa pili ni kamba ya waya mwembamba wa chuma, yenye ndoano ya kufunga, inayozunguka nguzo yenyewe na kupita katika jiliwa na katika flashi. Isifungwe kwenye jiliwa peke yake, maana jiliwa likianguka litakwenda na kamba yake. Isiwe ndefu. Kitu kikianguka kisipate mwendo kabla kamba haijakidaka. Na kama huoni mahali pa kuzungushia kamba, basi hapo si mahali pa kutundika. Shusha taa, piga picha zako chini.

MAHALI PASIPOGUSWA

Sasa kwa sisi wa reli, yapo mambo ambayo hayana mjadala.

Usipige picha karibu na njia bila ruhusa. Link mwenyewe, pamoja na sifa zake zote, aliomba.

Usishikize jiliwa kwenye reli. Mahali penye umeme wa kuonyesha kama njia ina treni, chuma kikiunganisha reli mbili, ishara husema pana treni, kumbe ni jiliwa lako. Usilishikize kwenye mlingoti wa ishara, wala kwenye vishikio vya ngazi ya injini au behewa. Mwenzako atakuja gizani kutafuta kishikio, atashika flashi.

Usimulike dereva machoni usiku. Macho yake yamezoea giza, na nuru ile yaweza kumpofusha kitambo kidogo, wakati ambao anahitaji kuona mbele. Tena kila nuru kando ya njia, dereva ana haki ya kuidhani ni ishara.

Na mtu akitembelea ndugu zetu wa Tanzania, ambao treni zao za umeme zilianza kuchukua abiria mwaka 2024, asiinue fimbo yenye taa karibu na nyaya za juu. Zina volti 25,000. Umeme wa namna hiyo haungoji uguswe.

MWISHO

Mwezi uliopita wenzetu wa zamu ya usiku waliniomba picha. Niliomba ruhusa kwa mkubwa wa zamu, tukasimama mbali na njia, chini ya banda. Nilishikiza flashi juu ya nguzo ya chuma, baada ya kuitikisa, nikazungusha kamba, nikahesabu hatua. Walikuwa wamevaa majaketi yale yale. Picha hiyo Katibu anayo, naye ataibandika ubaoni. Mistari yaonekana kijivu tu. Nyuso ni kumi na moja, na kila moja waweza kuiita kwa jina. Yupo mmoja aliyesinzia. Naye aonekana amesinzia.

Kila mmoja nimempa nakala yake aipeleke nyumbani. Yule binti wa marehemu sina la kumpa, na deni hilo haliwezi kulipika. Nawasihi ninyi msilikope. Mtu akimaliza kazi yake, mpige picha usiku ule ule, uitazame hapo hapo kabla hajaondoka, na kama haina uso, piga tena.



MASWALI

Baada ya hotuba Mwenyekiti aliruhusu maswali matatu.

Swali: Mimi nina simu tu, sina kamera wala flashi. Hotuba hii yanifaa nini? Jibu: Yakufaa. Taa ya simu iko karibu sana na jicho lake la kupigia picha, hivyo majaketi yataiharibu vile vile. Izime. Chukua taa ndogo ya betri ya kuwaka daima, ishikize kando kwa jiliwa la springi mahali pa chini pasipo na watu, au mwenzako aishike. Waambie watu watulie, maana nuru hiyo ni haba kuliko ya flashi.

Swali: Je, utepe wa gundi hautoshi badala ya kamba? Jibu: Hautoshi. Gundi hulegea kwa joto, na taa ina joto. Utepe wafaa kubandika waya ukutani, haufai kubeba kitu juu ya kichwa cha mtu.

Swali: Mwenye ukumbi akikataa nisifunge kitu chake? Jibu: Ni haki yake. Muulize kabla ya siku yenyewe, umwonyeshe jiliwa lako, mpira wake na kamba yake. Akikataa bado, mpe ndugu yako mmoja flashi aishike, na umpe sahani ya pilau kwanza, ili asiutafute wakati wa kazi.

Mkutano ulifungwa saa mbili usiku.